Kangaga la Nchi Kavu: Lijue Kabla ya Kulichuma

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru kwa amri ya Serikali ya Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Katika miezi hiyo mitatu samaki wabichi huadimika katika soko la Kashikishi na katika vijiji vya Nchelenge vilivyo kando ya ziwa, na kitoweo cha nyumba nyingi huwa mboga za majani. Akina mama hutegemea kisamvu, ambacho Wabemba hukiita katapa. Matembele, yaitwayo kalembula. Na mchicha, uitwao bondwe. Mboga hizo zinapopungua, watu hugeukia mwituni.

Wakati huo wa uhaba ndio unaofanya iwe lazima kuutambua mmea mmoja uotao ardhini katika sehemu zenye mvua nyingi za kaskazini mwa Zambia, nao ni kangaga la nchi kavu. Chipukizi lake ni nene, laini na la kupendeza macho, na lina sura ya mboga hasa. Lakini ndani yake mna sumu isiyomdhuru mlaji siku ile ile, bali hufanya kazi yake polepole kwa miaka mingi. Kwa kuwa hakuna tumbo linaloumwa usiku ule ule, hakuna wa kumwonya mlaji. Kinga ya kwanza, basi, ni macho: kuzijua alama za mmea wenyewe.

KANGAGA NI NINI

Neno kangaga ni pana, nalo hutumiwa kwa mimea ya namna nyingi. Katika makala haya lina maana ya ile mimea isiyotoa maua, isiyozaa matunda, wala isiyokuwa na mbegu. Mimea hiyo huzaliana kwa spora, yaani chembe ndogo mno mfano wa vumbi la rangi ya kahawia, ambazo huota upande wa chini wa majani. Alama nyingine ya jamii hiyo ni kwamba jani changa hutoka likiwa limejiviringa kama mkia wa kinyonga, kisha hujikunjua kidogo kidogo kadiri linavyokua.

Yako makangaga yaeleayo majini. Mojawapo ni lile liitwalo Salvinia, ambalo lilitanda juu ya Ziwa Kariba mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakati bwawa lilipokuwa likijaa. Yako yanayoota juu ya magome ya miti, na yako yanayoota katika nyufa za miamba. Kangaga linaloelezwa hapa ni la ardhini, na jina lake la kitaalamu ni Pteridium aquilinum.

Historia ya jina hilo inahusika na Afrika Mashariki. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, ndiye aliyeliita mmea huu aquilina mwaka 1753, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya tai. Mwaka 1879 mtaalamu wa Ujerumani, Kuhn, aliupanga upya katika jamii ya Pteridium. Jina hilo jipya lilitolewa katika mfululizo wa vitabu vya safari za Afrika Mashariki za Karl Klaus von der Decken, yule msafiri aliyejaribu kupanda Mlima Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862. Hata hivyo mmea wenyewe si wa Afrika peke yake. Huota katika kila bara isipokuwa Antaktika, na ni miongoni mwa mimea iliyoenea kuliko mingine yote duniani.

MAHALI LIOTAPO

Anayelitafuta kangaga hili asiende katika matete na mafunjo ya ufukoni mwa Ziwa Mweru. Halipendi kusimama majini. Hupenda ardhi iliyoinuka, isiyotuamisha maji, yenye uchachu na iliyopungukiwa rutuba. Huonekana pembezoni mwa misitu ya mabondeni, ambayo watu wa kaskazini mwa Zambia huiita mushitu. Katika mashamba yaliyoachwa. Kandokando ya barabara. Na mahali palipopitiwa na moto mara kwa mara. Huko Tanzania mtu aweza kuliona katika Milima ya Usambara na katika miteremko ya Kilimanjaro, hasa pale ambapo msitu ulikatwa au ulichomwa.

Moto ni rafiki wa kangaga hili. Shina lake halisimami juu kama la mti, bali hutambaa chini ya ardhi, sentimita kumi, hamsini na hata zaidi, na humo huweka akiba ya chakula. Moto wa nyika wa mwezi wa Agosti au Septemba huteketeza majani yote ya juu, lakini shina la chini hubaki salama. Siku chache baadaye, kabla ya majani mengine kuchipua, machipukizi ya kangaga huwa yamekwisha kutokeza katika majivu, manene na ya kijani. Mbuzi mwenye njaa huyaona. Mtoto aliyetumwa kutafuta mboga huyaona pia.

ALAMA SITA ZA KULITAMBUA

Ya kwanza ni namna majani yanavyotoka ardhini. Makangaga mengi hutoa majani yake kwa pamoja, yakiwa yamejikusanya kama shada. Kangaga la nchi kavu hutoa jani moja hapa na jingine hatua moja mbele, kila moja likisimama peke yake juu ya kikonyo chake. Mtu akichimba kati ya majani mawili, aghalabu atakuta yameunganishwa na shina moja jeusi litambaalo chini.

Ya pili ni kikonyo. Ni kigumu, kimesimama wima, na kina rangi ya kijani inayogeuka kuwa ya majani makavu na hatimaye kahawia. Sehemu yake iliyozama ardhini ni nyeusi nayo ina manyoya. Msomaji azingatie kwamba ni manyoya membamba, si magamba. Makangaga mengi huwa na magamba makavu katika shina na katika kitako cha kikonyo, hili halina.

Ya tatu ni umbo la jani. Jani lililokomaa hufikia kimo cha kiuno cha mtu mzima, na penye nafasi nzuri hufikia meta mbili. Lina umbo la pembetatu, pana chini na jembamba juu. Kikonyo hutoa matawi kwa jozi, yale ya chini yakitazamana. Kila tawi hutoa vitawi. Na kila kitawi kina vijani vidogo. Kwa maneno mengine, jani limegawanyika mara tatu. Likishikwa huwa gumu kama ngozi kavu.

Ya nne iko upande wa chini. Ukingo wa kila kijani umekunjwa kwa ndani kama pindo la nguo. Chini ya pindo hilo umepita mstari mmoja mwembamba wa spora, unaofuata ukingo wote bila kukatika. Hakuna madoa ya duara katikati ya kijani. Alama hii haionekani katika jani changa, wala si kila jani kubwa huwa na spora. Kwa hiyo yafaa kutazama majani kadhaa.

Ya tano ni chipukizi. Hutoka limeinamisha kichwa, limefunikwa na manyoya ya rangi ya fedha au kahawia. Linapoanza kujikunjua hugawanyika kwanza sehemu tatu, mfano wa ukucha wa ndege mkubwa.

Ya sita ni sisimizi. Mahali ambapo matawi ya jani changa yanakutana na kikonyo pana kivimbe kidogo, laini, kitoacho utomvu mtamu. Sisimizi hupanda kuufuata. Ni makangaga machache sana yaliyo na jambo hilo. Watoto wa shule wanaopelekwa nje kwa somo la sayansi wanaweza kuiona alama hii bila kifaa chochote.

Alama moja peke yake haitoshi. Zikikutana nne au tano katika mmea mmoja, shaka huondoka.

MIMEA INAYOFANANA NALO

Katika kinamasi na kandokando ya vijito huota makangaga mengine ya ardhini, mathalani yale yaitwayo Cyclosorus. Hayo nayo yana shina litambaalo, na kwa sababu hiyo huwapotosha wengi. Lakini jani lake ni refu na jembamba, halina umbo la pembetatu, na limegawanyika mara moja tu, kila kijani kikiwa na meno makubwa ubavuni. Spora zake ziko katika madoa madogo ya duara.

Liko pia kangaga ambalo jani lake ni kama uti wa samaki, uti mmoja mrefu wenye vijani rahisi huku na huku. Hilo ni Nephrolepis, na aina zake hupandwa katika makopo barazani kwa mapambo. Majani yake hutoka kwa shada.

Kando ya mito huota Osmunda, kangaga kubwa na zuri. Hilo hubeba spora zake katika vishada vya kahawia vilivyo kileleni mwa jani, vikifanana na ua lililokauka.

Mwisho, uko mmea wa mapambo wenye vijani vyembamba kama manyoya, ambao wauza maua huutia katika mashada ya arusi na ambao wengi huuita kangaga. Huo ni wa jamii ya asparagasi. Huchanua maua madogo meupe na kuzaa matunda, na kitoacho ua hakiwezi kuwa kangaga.

SUMU YAKE

Wafugaji wa nchi nyingi walijua tangu zamani kwamba ng'ombe wanaokula kangaga hili hudhoofika na kutokwa damu. Mwaka 1965 watafiti Evans na Mason, waliofanya kazi Bangor katika nchi ya Wales, walitangaza kwamba panya waliolishwa kangaga hili walipata uvimbe wa saratani tumboni. Mwaka 1983 wataalamu wa Japani na wa Uholanzi waliitambua sumu yenyewe, nayo ikaitwa ptakwilosaidi. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka mmea huu katika orodha ya vitu vinavyoweza kumletea binadamu saratani.

Sumu hiyo iko katika mmea wote, lakini hujaa zaidi katika machipukizi, yaani sehemu ile ile inayovutia kuliwa. Huyeyuka katika maji. Kwa hiyo ng'ombe wa maziwa akila kangaga kwa wingi, sehemu ya sumu hupita katika maziwa yake. Na mvua ikinyesha juu ya pori la kangaga, sehemu nyingine husafirishwa na maji kuingia ardhini, na huweza kufika katika kisima kifupi kilicho karibu.

Ni kweli kwamba wako watu wanaolila. Wajapani hula machipukizi yake tangu kale, na katika masoko ya Kinshasa huuzwa kwa jina la misili. Katika wilaya ya Nchelenge jambo hili lina uzito wake, kwa sababu watu wa Kongo na watu wa Zambia wamekuwa wakivuka Ziwa Mweru kwa biashara na undugu miaka yote. Tena makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa katika wilaya hiyo mwaka 2018, yamepokea maelfu ya Wakongo. Mtu anayehama hubeba maarifa ya mboga za kwao, na huzitafuta mahali papya. Si vema kumcheka wala kumkemea. Ni vema apewe habari kamili, naye aamue mambo ya chungu chake akiwa na ujuzi.

JE, SI KAMA MUHOGO?

Mama mwenye busara aweza kuuliza: muhogo nao una sumu, mbona watu wa ziwani wanakula ugali wake kila siku? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha jambo lote.

Sumu ya muhogo ni ya aina ya sianidi. Muhogo mchungu ukilowekwa siku za kutosha, ukaanikwa na kusagwa, sumu hiyo hutoka na kupotea. Kisamvu nacho hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo. Tena asiyeuandaa vizuri muhogo mchungu huweza kuumwa upesi, na kwa njia hiyo jamii imejifunza, kizazi baada ya kizazi, kipimo cha kazi kinachotakiwa.

Kangaga halifundishi hivyo. Wajapani hulimwagia maji ya moto yaliyotiwa majivu, hulilaza humo usiku kucha, kisha humwaga maji hayo na kulipika upya. Uchunguzi umeonyesha kwamba majivu au magadi huvunja sehemu kubwa ya ptakwilosaidi, lakini hayaimalizi yote. Kuchemsha mara moja kwa maji matupu kunasaidia kidogo zaidi. Kinachobaki hakina ladha wala harufu ya kumwonya mpishi, na madhara yake huweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Hivyo basi, hakuna mama awezaye kujua kwa kuonja kwamba kazi yake ya jikoni imetosha. Muhogo una njia ya kuufanya salama iliyothibitishwa na vizazi. Kangaga lina njia ya kupunguza hatari tu.

Ushauri ufaao ni huu. Mboga nyingine zikiwapo, kangaga hili lisiliwe. Watoto wadogo, akina mama waja wazito na wanaonyonyesha wasilile kabisa. Na yule aliyekwisha kuzoea, asilile bichi kamwe, asinywe maji lililolowekwa wala kupikiwa, na asilifanye kuwa kitoweo cha kila siku. Kitalu kidogo cha matembele na mchicha karibu na nyumba, kikimwagiliwa kuanzia Septemba, ni kinga bora kuliko majivu yote ya jikoni.

MIFUGO NA SHAMBA

Ng'ombe akila kangaga jingi kwa muda mfupi, uboho wa mifupa yake huharibika na mwili hushindwa kuizuia damu. Hutokwa damu puani, katika kinyesi na chini ya ngozi. Akila kidogo kidogo kwa miaka, hupata uvimbe katika kibofu na hukojoa damu. Punda na nguruwe hudhurika kwa njia nyingine, kwa kuwa kangaga bichi huharibu vitamini B1 mwilini mwao, wakaanza kuyumba na kudhoofu. Nguruwe hulifukua hata shina la chini. Mfugaji atakayeona dalili hizo amwite bwana mifugo upesi, awaondoe wanyama mahali hapo, na asiwaachilie tena katika sehemu zilizoungua mpaka majani mengine yawe yameota vya kutosha.

Kwa mkulima, kangaga ni habari kuhusu udongo wake. Panapojaa kangaga, aghalabu udongo ni mchachu na umechoka. Kulichoma hakusaidii, kwani moto huwaua washindani wake na kuliacha lenyewe hai. Njia iliyo bora ni kulifyeka mara tu majani yanapokwisha kujikunjua, na kurudia mara mbili au tatu kila mwaka kwa miaka kadhaa. Kila jani jipya hutumia akiba ya shina la chini, na jani likikatwa kabla halijarudisha deni hilo, shina hudhoofika. Kulima kwa kina na kuyatoa mashina juani huongeza nguvu ya kazi hiyo. Chokaa ya kilimo hupunguza uchachu wa udongo, na mazao au miti yenye kivuli kizito hulizuia kurudi. Anayefyeka majani yaliyokomaa wakati wa kiangazi ajifunge kitambaa puani na mdomoni ili asivute vumbi la spora. Na pale penye kisima kifupi, kangaga lililo jirani na lililo upande wa mwinuko liondolewe kwanza.

Kazi ya kuutambua mmea huu haihitaji fedha wala maabara. Mwalimu aweza kuleta darasani jani moja la kangaga la nchi kavu na jingine la kangaga la kinamasi, akawaambia wanafunzi wayageuze na kutafuta pindo na madoa. Mtoto aliyefunzwa hivyo akitumwa mboga mwezi wa Desemba, wakati nyavu zimeanikwa na mitumbwi imepumzika, atajua cha kuchuma na cha kuacha. Na watoto wakumbushwe kanuni iliyo nyepesi kuliko zote: mmea usiojulikana kwa hakika hauingii chunguni.